Majina ya Juu, Majina ya Chini

Fungua ramani yoyote ya milima ya Rwenzori, pale Uganda inapopakana na Kongo, uisome kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa, kwenye theluji, utakutana na majina haya: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, Luigi di Savoia. Ukikodoa macho zaidi utaona vilele viwili vya malkia, Margherita na Alexandra. Sasa teremsha kidole polepole. Ukifika pale miti inapoanza na maji yanapopiga kelele, majina yanabadilika: Bujuku, Mubuku, Mahoma, Nyabitaba, Nyamwamba. Yale ya juu ni ya wageni. Yale ya chini ni ya wenyeji.

Nimekaa na ramani hiyo muda mrefu, na kila nikiitazama najiuliza swali lile lile: ilikuwaje mgeni akapewa kilele na mwenyeji akaachiwa mto? Nikaamua kulifuata swali hilo kwa miguu, kwenye bonde moja tu, bonde la Mubuku. Nawaandikia nyinyi mlio mijini kama mimi, mnaoandika hadithi kwenye daftari za shule na kuzificha chini ya mto wa kulalia, kwa sababu naona jambo hili linatuhusu kuliko linavyowahusu wapanda milima.

Tuanze na barafu, manake ndiyo iliyotangulia wote.

Rwenzori si volkano kama Mlima Kenya au Kilimanjaro. Ni kipande cha gome la dunia kilichosukumwa juu wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka na kuzama pembeni yake. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na mlima wenyewe ni wa tatu kwa urefu katika Afrika yote. Leo barafu iliyobaki imejikunyata huko juu, zaidi ya mita 4,500, na kila mwaka inapungua. Lakini hapo zamani, katika kipindi cha mwisho cha enzi ya barafu, mambo yalikuwa tofauti. Barafu ya bonde la Bujuku na ile ya Mubuku ziliungana zikawa ulimi mmoja mkubwa, ukateremka hadi kama mita 2,070 juu ya usawa wa bahari. Hebu fikiria hapo. Urefu huo unaukuta vijijini Limuru, kwenye mashamba ya chai na ng'ombe wa maziwa. Barafu ilifika urefu huo, na ikweta iko hatua chache tu kutoka hapo!

Barafu nzito haikai kitako. Inasogea, taratibu kuliko konokono, na inaposogea inasaga. Mto peke yake huchimba bonde lenye umbo la herufi V, lakini barafu hulipanua likawa U, kuta zimesimama wima na sakafu ni pana. Mawe inayoyang'oa inayabeba, na inapoyeyuka inayatupa pembeni na mbele, yakawa matuta marefu. Wataalamu huyaita moreni. Ukitaka kujua barafu ilifika wapi, tafuta moreni, kama vile unavyojua maji ya mafuriko yalifika wapi kwa kuangalia alama ya tope ukutani.

Kupanda kunaanzia Nyakalengija, kwenye kama mita 1,600, katikati ya migomba na mibuni. Ukilipita lango la hifadhi unaingia msituni: miti mikubwa, mizabibu ya porini, na podo zilizonyooka kama nguzo. Mto unausikia mkono mmoja bila kuuona. Baada ya saa kadhaa njia inaacha kuwa na huruma. Inapanda mgongo mwembamba, mwinuko hasa, hadi kwenye banda la Nyabitaba kwenye mita 2,651. Mgongo ule una miti tele, umevaa kuvumwani kila mahali, na mtu asiyeambiwa atasema ni kilima kama vilima vingine. Kumbe ni moreni. Unapanda kifusi kilichotupwa na barafu, na msitu umekuja baadaye ukakifunika.

Mzee aliyeniongoza, Mkonzo wa kijiji cha chini, alikuwa na Kiswahili cha upande wa Beni, kwani ujana wake aliupitisha akivuka mpaka na biashara. Nilipomweleza habari za moreni alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema, "Sawa, kijana wangu. Wazungu walikuja wakapima haya mawe. Na sisi tulibeba vipimo vyao." Akaendelea kupanda, mimi nyuma nikihema.

Kauli ile ndiyo historia ya mlima huu kwa ufupi, na nitaieleza. Lakini kwanza tuwape wapimaji haki yao, kwa sababu walichokipata ni kitu kikubwa.

Juu kidogo ya Nyabitaba kuna ziwa dogo liitwalo Mahoma, karibu mita 2,960, limekaa katikati ya matuta hayo hayo ya barafu. Mwanasayansi Mmarekani, Daniel Livingstone, alitoboa tope la chini ya ziwa hilo, na mwaka 1962 akachapisha umri wake: kwa hesabu ya kaboni, tope la chini lilikuwa na karibu miaka 15,000. Maana yake, kufikia wakati huo barafu ilikuwa imeshaondoka pale na maji yameanza kukusanyika. Ndani ya tope mlikuwa na chavua, ule unga wa maua, umehifadhiwa tabaka juu ya tabaka. Tabaka za chini zilikuwa na mimea ya nchi iliyo wazi na yenye baridi, nyasi na vichaka. Miti ya msitu ilikuja baadaye. Kwa hiyo msitu huu unaouona mzee sana, wenye ndevu za kuvumwani zinazoning'inia, ni mtoto ukiulinganisha na mawe uliyoyasimamia.

Henry Osmaston, aliyekuwa ofisa misitu Uganda, alitumia miaka mingi kuyachora matuta haya bonde kwa bonde, na kipindi kile cha barafu kubwa ya mwisho akakiita kwa jina la ziwa Mahoma. Halafu mwaka 2014 watafiti wengine wakachapisha umri wa mawe yenyewe. Namna yao inanifurahisha. Jiwe likiwa chini ya barafu, miale ya kutoka angani hailifikii. Barafu ikilitupa nje, miale inaanza kulipiga, na ndani ya jiwe inajengeka chembe kwa chembe aina moja ya madini iitwayo berili-10. Ukiihesabu, unajua jiwe limekaa juani tangu lini. Majibu yao yakatoka takriban miaka 23,000 na miaka 20,000. Yaani wakati barafu imefunika sehemu kubwa ya Ulaya, hapa kwetu nako bonde la Mubuku lilikuwa limejaa barafu. Hatukuwa pembeni ya historia ya dunia. Tulikuwa ndani yake.

Sasa watu.

Jina la mlima wenyewe linatokana na walioukaa. Kwa Lukonzo, theluji ni nzururu, na Rwenzururu ni mahali pa theluji. Waganda na Watoro wa nyanda za chini waliuona ukifunikwa na mawingu, lakini Bakonzo waliishi mbavuni mwake, na ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, ndugu zao Banande wakaishi vivyo hivyo. Walijua kuwa juu kuna Kitasamba, mwenye mlima, na kwamba mtu hapandi ovyo bila kumheshimu. Kwa hiyo pale ambapo vitabu vinasema kuna theluji "iliyogunduliwa" mwaka 1888, wenyeji walikuwa nayo kama neno la kawaida la lugha, kama sisi tulivyo na neno mvua.

Habari za milima hii zilifika mbali kabla ya hapo. Katika karne ya 2, Ptolemy wa Aleksandria aliandika kuhusu Milima ya Mwezi inayolisha Nile kwa theluji yake, na habari za maziwa ya Nile alizipata kupitia mabaharia waliofika Rhapta, bandari ya pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Kama alimaanisha Rwenzori ama la, wataalamu bado wanabishana. Lakini juu ya maji hakubahatisha vibaya. Mubuku unaingia Ziwa George, maji yanapita mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward, yanashuka na Semliki hadi Ziwa Albert, na hapo ni Nile moja kwa moja hadi Misri.

Ndipo akaja Stanley. Wengi wetu tumesoma safari yake ya kumwokoa Emin Pasha, 1887 hadi 1889, kana kwamba alitembea peke yake na bunduki yake. Alikuwa na zaidi ya wanaume 600 walioandikwa Zanzibar, Waswahili na wangwana, wengi wao hawakuiona Zanzibar tena. Mwaka 1888, karibu na Ziwa Albert, ni kijana mmoja aliyemwonyesha Stanley kwa kidole mlima uliosemekana umefunikwa na chumvi. Stanley akatazama, akaona ni theluji. Chumvi halikuwa neno la kijinga, msomaji. Nchi ile ina ziwa Katwe, linalotoa chumvi tangu zama na zama, na mtu hufananisha asichokijua na anachokijua. Lakini tazama kilichobaki: jina la aliyeonyeshwa liko kwenye mlima, na jina la aliyeonyesha halimo hata kitabuni. Mwaka uliofuata, Juni 1889, kapteni Stairs alijaribu kupanda kutoka upande wa Semliki, akaishia kama mita 3,200. Hata yeye hakuwa peke yake. Wazanzibari walipanda naye, watu wa minazi na mawimbi, wakitetemeka kwenye baridi ile.

Mwaka 1906 ikawa zamu ya bonde letu. Mwana wa mfalme wa ukoo wa Savoia, Luigi Amedeo, mtawala wa Abruzzi, alipita Mubuku na mamia ya wapagazi kutoka Entebbe. Walipofika juu, watu wa nyanda za chini walishindwa na baridi wakarudishwa, na mizigo ikahamia migongoni mwa Bakonzo. Kambi ilikuwa Bujongolo, chini ya mwamba mkubwa kwenye kama mita 3,800. Tarehe 18 Juni 1906 kilele kikafikiwa, kikaitwa Margherita. Baada ya hapo majina yakagawanywa kama mashamba. Speke, ambaye hakuwahi kukanyaga milima hii, akapata mlima mzima. Na nyinyi waandishi wenzangu sikieni hili: kitabu rasmi cha safari ile, kilichotoka mwaka 1908, kiliandikwa na Filippo De Filippi, ambaye hakuwa safarini. Alitumia maelezo ya waliokwenda. Mtu anaweza kuandika mlima ambao hakuupanda, na waliopanda wakibeba mizigo wasiandike hata barua.

Sisemi kuwa kitabu hicho ni kibaya, wala sisemi tufute majina ya vilele. Swali langu ni dogo zaidi: kwa nini mto haukubatizwa? Nadhani jibu ni kwamba jina la mto lina kazi. Mtu anaulizwa shamba lake liko wapi, anasema ng'ambo ya Mubuku. Mtoto anatumwa maji Mubuku. Harusi inaahirishwa kwa sababu Mubuku umejaa. Jina linalotumika kila siku ni gumu kuling'oa. Kilele hakina mtu anayekiita asubuhi na jioni, kwa hiyo yeyote mwenye wino anakiandika.

Bakonzo walikuja kulielewa jambo hili kwa uchungu. Mkataba wa Toro wa mwaka 1900 uliwaweka chini ya ufalme wa Toro. Walipoasi, 1919 hadi 1921, viongozi wao watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, walinyongwa na serikali ya kikoloni. Halafu katika miaka ya 1950 mwalimu wa shule ya msingi, Isaya Mukirane, akaanzisha chama. Hakukiita jeshi wala hakukiita ufalme. Kilikuwa chama cha kutafiti historia ya maisha ya Bakonzo. Watu wanakusanya ukoo wao, mila zao, mapito ya wazee wao. Hebu tulieni hapo kidogo. Si ndicho tunachokifanya sisi na jarida letu? Daftari, kalamu, wazee wa kuhojiwa, nauli ya kukopa.

Mwaka 1962 wajumbe wa Bakonzo na Baamba walitoka kwenye bunge la Toro kwa hasira, na mwaka huo huo Mukirane akatangaza ufalme wa Rwenzururu huko milimani. Ufalme wa theluji! Alifariki 1966, mwanawe Charles Mumbere akarithi akiwa bado mtoto, na vita vya msituni havikuisha hadi Agosti 1982, alipoteremka. Serikali ya Uganda iliutambua ufalme huo mwaka 2009. Lakini kidonda hakikupona sawasawa: Novemba 2016 mapambano mjini Kasese na kwenye kasri ya mfalme yaliua zaidi ya watu 100. Basi anayekuambia kuandika historia ni mchezo wa watu wasio na kazi, mpe mfano huu. Historia ikiandikwa na wengine kwa muda mrefu mno, siku wenyewe wanapochukua kalamu haiwi shughuli ya amani tena.

Narudi kwenye barafu, kwa sababu inaondoka. Mwaka 1987 Rwenzori ilikuwa na kama kilomita za mraba 2 za barafu. Mwaka 2003 ilikuwa chini ya kilomita 1. Emin, Gessi na Luigi di Savoia zimebaki mawe matupu. Wale wageni waliopewa vilele vya theluji, theluji inawatoroka mmoja mmoja.

Hapa mjini tunapenda kusema barafu ikiisha mito itakauka. Kwa Mubuku, vipimo vinasema jambo lingine. Watafiti waliopima maji walikuta kwamba maji yatokanayo na barafu hayafiki hata asilimia 2 ya maji ya mto ukifika chini. Mengine yote ni mvua: mvua inayonaswa na msitu, inayofyonzwa na kuvumwani, inayokaa kwenye vinamasi vya juu, vile vya Bigo vilivyokuwa maziwa baada ya barafu kupita, kisha ikashuka kidogo kidogo. Barafu ilichonga bakuli. Msitu ndio unaoshika maji.

Na msitu ukijeruhiwa, mto unasema. Mwaka 2012 moto uliunguza vichaka vya juu, na Mei 2013 mto jirani, Nyamwamba, ukateremka na mawe na magogo hadi Kilembe, mji wa machimbo ya shaba. Mei 2020 Nyamwamba ulijaa tena, safari hii pamoja na Mubuku na mingine, nyumba zikabebwa na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Mawe yale yaliyobebwa na barafu zamani yamelala kwenye miteremko ile ile. Miti ndiyo iliyoyashika. Hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1991, na ambayo mwaka 1994 ikaingia kwenye urithi wa dunia, imesaidia kuilinda miti hiyo, ingawa watu wa chini waliozoea kuchukua mianzi na dawa msituni waliona mlango ukifungwa. Nalo ni jambo la kuandikwa, na wenyewe.

Jioni ile Nyabitaba, mawingu yalifunguka kwa dakika chache. Mzee akaonyesha juu, akasema alipokuwa kijana weupe ulifika mpaka pale, na kidole chake kikasimama kwenye mwamba mweusi. Nilitoa daftari nikamwomba anitajie kila kijito tulichovuka tangu asubuhi. Alivitaja vyote, kwa mpangilio, na vingine havimo kwenye ramani niliyokuwa nayo. Nimeviandika kwa tahajia aliyoisahihisha mwenyewe.

Ndiyo kazi ninayowaomba, ndugu zangu. Kila mmoja wetu ana mto wake, hata kama siku hizi umekuwa mfereji wa maji machafu nyuma ya mtaa. Nani anajua uliitwaje kabla ya kuitwa mfereji? Muulize bibi, muulize mzee wa kioski, wakiwa bado wapo. Wageni wameshaandika vilele, na theluji yake inakwisha. Huku chini maji bado yanapita, na yana majina.